Mfuta Viti

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto, na yule mdogo kabisa mwongezee za ziada kwa kuwa sijawahi kumwona. Mimi ni mzima. Goti la kushoto hulalamika asubuhi, lakini nikishapanda ngazi za kazini mara mbili hunyamaza. Natumaini nanyi mko salama, na kwamba kile kikohozi ulichoniandikia kimeshakuaga.

Barua yako ilichukua siku kumi na tisa. Mtu wa posta aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, akasimama, akasema ni ya kwanza aliyoishika kutoka ng'ambo tangu posta ianze tena kuvuka mpaka, na akataka kujua inasemaje. Nikamwambia inauliza hali. Niliona hakuridhika, ila aliondoka.

Umeniuliza mambo matatu. Afya nimeshakujibu. La pili ni kaburi la mama. Nakwenda kila mwezi. Jiwe limesimama sawa, jina limechongwa na fundi anayejua kazi, na nyasi nazikata mwenyewe kwa mkasi mkubwa wa kazini ambao hauruhusiwi kutoka stoo. Hukukosa kumzika kwa kupenda kwako, na hakuna mtu huku anayesema hivyo. Siku akitokea wa kusema, nitamjibu mimi.

La tatu nitalijibu humu humu, ila nataka kulifikia kwa hatua, kwa hiyo nivumilie. Ninachokuomba ni hiki: isome barua hii mpaka mwisho kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku ambayo umesema wewe na shemeji mmeshakata tiketi za kwenda kuiona filamu yetu mpya huko mjini kwenu. Nimeituma kwa njia ya haraka. Ikikufikia baada ya Ijumaa hiyo, nitakuwa nimechelewa mara ya pili.

Umeandika kwamba umekaa huko miaka sita, umeingia nyumba za watu, ofisi, hospitali na shule za watoto, na hujaona hata mtu mmoja akifuta kiti kabla ya kukaa, isipokuwa mumeo, naye aliacha zamani. Ukauliza: basi wale wa filamu za vita walimwona nani? Na mimi niliyekuwa pale pale Idara ya Picha, sikuwahi kusikia?

Idara ya Picha, kama unavyokumbuka, ilikuwa kwenye jengo lililokuwa ghala la madawati ya shule. Chini kamera na taa, juu ofisi, na kati ya hizo mbili, kwenye chumba kisicho na dirisha, stoo yangu ya mavazi: rafu kumi na mbili, pasi mbili, cherehani moja, na harufu ya vidonge vya kufukuza nondo ambayo mama alisema hufika nyumbani kabla yangu. Vita vilipoanza tuliagizwa tutengeneze filamu fupi za kumwonyesha raia adui yake. Shida ilikuwa moja, kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja kikaoni. Katika watu thelathini na wanne wa idara ile, hakuna aliyewahi kufika ng'ambo. Mkurugenzi wetu, yule tuliyemwita Mzee Tena kwa sababu kila kipande kikiisha alisema "tena" hata kama kimetoka vizuri, aliomba wizarani aletewe mtaalamu wa adui. Akaletwa bwana mmoja mwenye utepe wa kupimia na kitabu cha michoro ya pua.

Mtaalamu alisema adui ana pua ndefu. Tukatengeneza pua ya nta. Chini ya taa zile nta ilivumilia dakika nne, kisha ncha ikaanza kushuka kuelekea mdomoni, na Mzee Tena akisema tena, tunaanza na pua mpya. Kuna siku tulimaliza pua kumi na moja. Sare za adui nazo hatukuwa nazo. Nilichukua za jeshi letu nikazichemsha kwenye pipa lenye majani ya chai mpaka zikawa kahawia, na askari wetu waliokuja kutazama wakalalamika kwamba adui amevaa vizuri kuliko wao. Nilicheka wakati ule, sioni sababu ya kukuficha. Ilikuwa kazi ya kuchekesha, na kwa ajili yake hatukupelekwa mstari wa mbele.

Filamu nane za kwanza hazikumkasirisha mtu wala kumchekesha. Watu waliingia ukumbini zikiwa zimeshaanza, wakatafuta viti vyao, wakazungumza mpaka zikaisha ndipo picha kubwa ikaanza. Wizara ikaandika barua ya mistari miwili kwamba adui wetu ana pua lakini hana tabia, na kwamba raia hawezi kumchukia mtu asiye na tabia. Mzee Tena alitembea na barua ile siku nzima, ghorofa hadi ghorofa, akiwauliza hata wafagiaji kama kuna anayejua watu wa ng'ambo hufanya nini wanapokuwa nyumbani.

Ya tisa ndiyo ile ya Mfuta Viti, na unaikumbuka vizuri kuliko ningependa. Mtu wa pua anaingia kwenye nyumba ya watu, sebule kama yetu. Anachomoa kitambaa cha mkononi, anafuta mgongo wa kiti, kisha mahali pa kukalia, kwa mzunguko, bila haraka. Anakikunja kitambaa mara nne, anakirudisha mfukoni, anaupigapiga mfuko mara mbili, ndipo anakaa. Sauti inasema: leo anakifuta, kesho ni chake. Basi, hakuna kingine. Ukumbi wa kwanza ulipoiona, watu walishika mbavu. Wizara ikaagiza nyingine kumi na saba. Mfuta Viti akafuta kiti cha mwalimu, cha hakimu, cha dereva wa basi, na katika moja akamfuta bibi aliyekuwa amelala.

Yaliyofuata wewe uliyaishi na mimi niliyasikia ukiyasimulia mezani. Wateja wa shemeji waliokuja kutengenezewa saa, wakijua kwao ni ng'ambo, walianza kukifuta kile kistuli chake mbele yake, wakitabasamu, kisha wakamkaribisha akae kwenye duka lake mwenyewe. Naye akaacha kufuta. Akaacha hata kutembea na kitambaa, akawa anajipangusa jasho kwa mkono wa shati, mtu ambaye kola yake haijawahi kuwa na doa. Haikusaidia. Asubuhi ile mlikuta nondo za dirisha la duka zimefungwa vitambaa, vimepangwa safu kwa safu kama nguo zilizoanikwa, na uliniambia ulivihesabu kwa sababu hukujua kitu kingine cha kufanya. Arobaini na vitatu. Wiki iliyofuata mlivuka na lori la mwisho, na mwaka haukuisha mama akafariki bila kukuona.

Sasa niseme habari za filamu hii mpya, maana ndiyo iliyoyafukua haya yote. Mkurugenzi ni mwanamke, tunamwita Bi Mkasi. Hakati vitambaa, anakata maneno. Ukimpa ukurasa anakurudishia nusu. Alikuja na wazo la filamu ya kuchekesha kuhusu idara yetu ya wakati wa vita: ofisi nzima imeagizwa kumbuni adui, na hakuna aliyewahi kumwona. Alitaka kila kitu kiwe sawasawa, pua inayoyeyuka, pipa la majani ya chai, mtaalamu mwenye utepe. Wenzangu wa zamani wamestaafu au wamejitia hamnazo, kwa hiyo nikabaki mimi, mtunza mavazi yule yule, stoo ile ile, kuwa shahidi wa kila jambo. Mzee Tena yu hai, lakini alipoulizwa alisema hakumbuki kama kulikuwa na vita.

Nilimpa Bi Mkasi karibu kila kitu. Lakini alipofika kwenye kitambaa na kiti, akauliza nani alikitoa wapi, nilimwambia sijui, pengine kamati. Akaandika kamati. Katika maandishi ya kwanza kulikuwa na kikao cha watu tisa wakipiga kura adui afute kiti au apige chafya kwenye supu.

Kumwigiza Mfuta Viti alimleta mwigizaji wa kweli kutoka ng'ambo, kwa kibali. Mtu mpole, mrefu, pua yake fupi kuliko yangu. Siku ya kwanza nilipompa kitambaa alikitazama akaniuliza cha nini. Nikamwonyesha. Alitazama mpaka mwisho, akaniomba nirudie, kisha akasema kwa upole kwamba kwao hakuna anayefanya hivyo, na kwamba yeye alijifunza kuwa anafanya hivyo kutokana na filamu zetu walizozinasa wakati wa vita. Wakazionyesha jeshini. Askari wao walicheka pia, kwa sababu kila mmoja alidhani ni watu wa mkoa mwingine.

Tukawa tunakunywa chai pamoja stoo kwangu. Siku moja akaniambia naye alifanya kazi kama ile, upande wao, akituigiza sisi. Nikamwomba anionyeshe. Akasimama, akatoka mlangoni, akafunga, akaenda hatua tatu, akarudi kukitikisa kitasa, akaenda, akarudi kukitikisa, akaenda, akarudi mara ya tatu na kukiwekea sikio. Kumbe ndivyo tulivyo huko: watu wasioamini hata milango yao. Nilicheka sana. Nikamuuliza aliipata wapi. Akakaa, akasema kwenye mtaa wao kulikuwa na daktari wa meno kutoka kwetu, mtu wa pekee wa kwetu aliyemjua, na ndivyo alivyofunga zahanati yake kila jioni. Alisema daktari alihama mtaa katika mwezi wa pili wa zile filamu, na hajui alikokwenda. Kisha akasema, akitazama kikombe, "Ningejua alipo ningemwandikia. Hata kama hatanijibu."

Dada, sasa nimefika.

Mwigizaji aliyekuwa avae pua katika filamu ya tisa aliamka anaumwa jino, shavu limevimba kama kaweka limau mdomoni. Mzee Tena alitafuta mtu ambaye sare ingemtosha, na sare zote zilikuwa zimepunguzwa kwa kipimo changu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikizijaribu. Majina yetu hayakuandikwa kwenye filamu, ilikuwa siri ya vita, na chini ya nta ile hata mama hakunitambua. Mfuta Viti ni mimi. Zote kumi na nane.

Na wakati ule nimesimama mbele ya taa, pua inaanza kupata joto, Mzee Tena akaniambia fanya kitu, chochote wanachofanya wale watu. Mimi nilikuwa na mtu mmoja tu wa ng'ambo ninayemjua duniani. Nilikuwa nimekula naye chakula Jumapili iliyotangulia. Sikufikiri, hilo naapa, ingawa sijui kama linapunguza chochote. Mkono uliingia mfukoni wenyewe. Na mfukoni, nilikohamishia vitu vyangu nilipovaa sare, mlikuwa na kitambaa chake, alikisahau kwetu siku ile na nilikuwa nikikaa nacho nikurudishie. Kile cheupe, ulichokitia uzi wa buluu pembeni kisichanganyike kwenye kufua.

Kipande kikaisha. Ndiyo siku pekee ambayo Mzee Tena hakusema "tena".

Kwa hiyo hukukosea kuona kwamba huko hakuna anayefuta viti. Taifa zima nililitoa kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na sababu yake. Alinisimulia mwenyewe, mwaka mliooana, kwamba baba yake alikuwa fundi wa samani, nyumba yao ilijaa viti vilivyopakwa vanishi, na akiwa na miaka saba aliharibu suruali yake ya pekee ya shule kwa kukaa bila kuangalia. Tangu hapo anafuta. Nilikuwa naijua sababu hiyo kila nilipofanya mbele ya kamera, na niliifanya vizuri kwa kuwa naijua.

Unakumbuka chakula kile ambapo ulimuuliza mama kama inawezekana ni watu wote wa kwao wanaofuta viti, na mama akasema pengine, wewe umeolewa tu, utawajulia wapi. Shemeji akasema yeye hajui mwingine, lakini huenda hakuwahi kuangalia. Mimi nilikuwa namenya chungwa. Nililimenya mpaka mwisho, nikagawa vipande, nikampa yeye kwanza. Niliona aibu, dada, na aibu ile haijapoa, ila nilikuwa nimeshazoea kukaa kimya na sikuona pa kuanzia.

Sasa sikiliza kilichobaki, ndicho kilichonifanya niitume barua hii kwa haraka. Baada ya mgeni kunisimulia habari za daktari wa meno, nilimwambia ukweli wote. Ningeweza kumpa barua akuletee, alikuwa na kibali cha kwenda na kurudi, na sikumpa. Nilikwenda kwa Bi Mkasi badala yake. Alinisikiliza, akachukua kalamu, akakata kamati yote ya watu tisa. Akaniuliza kama nitakubali kukaa mbele ya kamera na kuyasema mwenyewe. Nilikubali upesi. Nilidhani nikishasema pale nitakuwa nimeshasema.

Ndivyo ilivyo filamuni. Karibu na mwisho, wakubwa wa wizara wanamzunguka mtunza mavazi, wanamsifu, wanataka kujua ameupata wapi ujuzi mkubwa hivyo wa adui. Kamera inamkaribia. Ni mimi, uso wangu, bila pua. Nasema, "Nyumbani. Ni shemeji yangu."

Tulipoijaribu ukumbini mara ya kwanza, watu walicheka hapo kuliko mahali pengine popote. Kicheko kilikuwa kirefu mpaka maneno yanayofuata hayakusikika, na wengine walikuwa wanajifuta machozi. Nilikaa mstari wa nyuma. Nilikuwa nimesema ukweli hadharani kwa mara ya kwanza katika miaka saba na ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi. Bi Mkasi alinishika mkono, akasema ndiyo sehemu bora ya filamu, na ana haki, maana yeye hajui ilivyo kukaa meza moja na shemeji. Maneno yasiyosikika ni haya, uyasikie kwangu: nasema hakuna mwingine anayefanya hivyo, ni yeye tu. Nilimwomba Bi Mkasi aliweke tena sentensi hiyo kicheko kikiisha. Alisema itaua kicheko.

Basi ilipofika barua yako, nilichokitazama kwanza kilikuwa nyuma ya bahasha, anwani. Sikutaka ulisikie jambo hili ukumbini, umekaa pembeni yake, watu wakicheka pande zote nawe ukiwa bado hujui ucheke au ufanye nini. Amua wewe kama mtakwenda. Amua wewe pia kama utamsomea shemeji barua hii au utamwachia aisome mwenyewe. Mwaliko mlionipa wa kuja kwenu mwezi ujao nauweka kando mpaka utakaponiandikia tena, na usiponiandikia nitaelewa. Sikuombi unisamehe kwa barua. Jambo nililowafanyia lilifanyika mbele ya watu, na radhi nayo nitaiomba mbele yenu, mkiniruhusu, nikiwa nimesimama.

Ndani ya bahasha utakuta kitambaa. Ni kile kile, nimekifua na kukipiga pasi. Uzi wa buluu umefifia kidogo kwa ajili ya taa.

Nisalimie watoto. Mwambie shemeji kwamba sebuleni sijabadilisha kitu, na kiti chake kipo pale pale karibu na dirisha. Kina vumbi la miaka sita. Sijakifuta.

Ni mimi mdogo wako,
Kifungo